Wanafunzi wangu wakiambiwa waigize bila skripti wanaganda. Nianzie wapi?

Swali: Nasomesha Kiswahili katika shule moja ya kutwa huku Kisauni, Mombasa, na mwaka huu nimekabidhiwa pia chama cha drama. Nina wanafunzi 38 na darasa moja lililojaa madawati. Nikiwapa skripti wanaigiza vizuri. Nikiwaambia waigize papo kwa papo, wasichana wanajifunika nyuso kwa vitabu, na wavulana watatu wanapanda mbele kuiga vichekesho vya kwenye simu mpaka kengele ilie. Mwalimu mkuu amepita mara mbili akauliza kama hili ni somo au ni mchezo. Je, uigizaji wa papo kwa papo unafundishika, au ni kipaji mtu anazaliwa nacho? Na nikishaufundisha, nautilia alama vipi?

Jibu: Mwalimu, unafundishika. Ila kabla hatujafika kwa hao wavulana wako watatu, tuelewane kwanza unafundisha nini hasa, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunadhani tunawafundisha watoto kubuni. Kubuni wanakujua tangu chekechea. Muulize yeyote kati ya hao 38 kwa nini leo amechelewa, uone hadithi inavyotoka, na tuktuk yenye pancha ndani yake. Wasichokijua ni kupokea. Mgeni akishuka na mzigo unampokea, huanzi kumuuliza kwanza una nini ndani. Darasani ni kinyume: mwenzake anasema jambo, na yeye yuko mbali anatafuta la kwake la kuchekesha.

Nami nilianza vibaya. Somo langu la kwanza niliingia nikasema, "Leo hakuna skripti, fanyeni chochote!" Nilidhani nimewafungulia mlango. Wakasimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa. Mmoja, ambaye sasa ni mtu mzima na bado hunikumbusha kila tukikutana, aliniuliza, "Mwalimu, chochote kama nini?" Swali lake lilikuwa na akili kuliko somo langu zima.

Viola Spolin, mama wa Chicago aliyetunga sehemu kubwa ya michezo tunayoitumia hadi leo, alilijua hilo mapema. Yeye hakuanza na waigizaji. Alianza na watoto wa mitaa ya Chicago, wengi wa familia za wahamiaji, na kitabu chake kikatoka baadaye sana, mwaka 1963. Kila mchezo wake unampa mchezaji jambo moja tu la kushughulisha akili. Akilishughulikia hilo, anasahau kwamba anatazamwa. Uoga hauondoki kwa kuambiwa "usiogope". Huondoka mikono ikipata kazi.

Kwa hiyo Jumatatu usiwaambie waigize. Waambie wakune nazi. Wote 38 kwa pamoja, kila mtu pale alipo, bila mbuzi na bila nazi. Madawati yako yatakufaa: wakae upande kwenye benchi, kama mtu anavyoikalia mbuzi ya kukunia. Kisha tazama mikono. Anayeigiza kwa haraka atasugua hewa mbele na nyuma kama anayepiga mswaki. Anayeikuna kweli anaizungusha kiganjani kila baada ya mikuno michache, anaanza ukingoni, na akikaribia kifuu anapunguza nguvu ili vile vyeusi visiingie kwenye tui. Wewe usimsimamishe yeyote, wala usimsahihishe mbele ya wenzake. Tembea katikati yao ukitupa maneno mafupi: "Sinia iko wapi?" "Imebaki kiasi gani?" "Kuna nzi." Wao wasikujibu kwa mdomo, wajibu kwa mikono. Kuna wavulana watakaoapa hawajawahi kukuna nazi maishani mwao. Hao wape samaki wapare.

Baada ya dakika nne au tano sema, "Kuna mtu amesimama mlangoni, na hukumtarajia." Uone nyuso. Sasa wana mahali, wana kazi na wana mtu, ambayo ndiyo mambo matatu Spolin aliyasisitiza, na hakuna hata mmoja aliyepanda mbele. Endelea hivyo wiki mbili, ikibidi tatu. Wasichana wako, kwa nionavyo, hawaogopi kuigiza. Wanaogopa kukosea huku darasa zima la wavulana limewakodolea macho. Nani asiyeogopa hilo? Watu 38 wakifanya kwa wakati mmoja hakuna hadhira, na pasipo hadhira hakuna wa kucheka.

Mchezo wa pili ni kamba. Wawili wawili, hatua tatu mbali, wanavuta kamba isiyokuwepo. Sharti ni moja: kamba isirefuke. Wavulana wakiucheza mara ya kwanza huwa wanashinda wote wawili. Kila mmoja anarudi nyuma kifua mbele, na kamba inakuwa lastiki ya kaptura. Waache wamalize, kisha waulize nani ameshinda. Wataanza kubishana, na katika ubishi huo huo mmoja wao atagundua kwamba kamba haiwezi kuwapo mpaka mtu akubali kuvutwa. Ukiona wawili wanaegemeana kwa uzito, mmoja anateleza nusu hatua na mwenzake anaipata hiyo nusu hatua, hapo wamesikilizana bila neno. Wakilizoea, weka kumi upande mmoja wavute juya, ule wavu mkubwa wa samaki, kutoka majini. Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa hilo zaidi.

Kamba ina faida nyingine kwetu huku: hakuna anayemgusa mwenzake. Wako wazazi wasiotaka mabinti zao washikwe mikono na wavulana hata kwa mchezo, na mimi sioni haja ya kugombana nao wakati somo linakwenda bila hilo.

Sasa maneno. Hapa mwalimu wangu wa mbali ni Keith Johnstone, Mwingereza aliyeianza kazi hii katika ukumbi wa Royal Court, London, kisha akahamia Calgary, Kanada. Kwake yeye, kila unalosema au kulifanya jukwaani ni kitu unachomkabidhi mwenzako, naye ama anakipokea ama anakiziba. Wakalishe wasichana wawili kwenye benchi, wako upande wa Likoni wanangojea feri. Wa kwanza anasema, "Dada, kapu lako linavuja." Wa pili, kwa woga tu, anajibu, "Sina kapu." Kimya. Wa kwanza anakugeukia wewe na macho ya kuomba msaada, na ana haki, kwa sababu amenyang'anywa kitu pekee alichokuwa nacho.

Warudishe pale pale, sentensi ile ile. Darasani kwangu jibu la mara ya pili lilikuwa hili: "Najua. Barafu imeniishia Mtongwe, na changu hawa ni wa mama mkwe." Hebu hesabu alichomwekea mwenzake mapajani. Kuna samaki, kuna joto, kuna mama mkwe ng'ambo anayengoja, kuna haraka, na feri haijafika. Hawakuhitaji tena kubuni kitu kwa dakika nzima, walikuwa wanavila hivyo hivyo. Mwenzake alifungua leso yake akaipepea kapuni, na nusu ya darasa ikasogea mbele kwenye viti.

Tahadhari moja hapa, nayo ni kubwa. Utakutana na makocha wanaosema kanuni ya kazi hii ni kujibu "ndiyo" halafu uongeze lako. Nami niliifundisha hivyo muhula mzima, na kila igizo likaishia kwa watu wawili wenye maelewano. "Twende tukaogelee?" "Ndiyo, twende!" "Tununue madafu?" "Ndiyo, tununue!" Hayo ni matembezi, si mchezo. Kosa halikuwa la watoto. Nilikuwa nimechanganya kupokea habari na kukubali ombi. Linganisha na hili:

"Baba, nipe nauli."

"Ya jana uliilia viazi karai. Leo utatembea."

Baba amekataa katakata, na bado amepokea kila kitu: kwamba yeye ni baba, kwamba huyu ni mwanawe, kwamba kuna nauli inayodaiwa. Tena ameongeza jana, na ameongeza viazi karai. Mtoto ana pa kushika. Siku hizi naandika ubaoni maneno matano tu: pokea habari, ombi ni hiari. Tangu hapo ugomvi umerudi jukwaani, lakini ni ugomvi wenye sababu.

Ukipenda, waonyeshe kwamba jambo hili ni la nyumbani. Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840 hapa hapa Mvita, alijibizana na washairi wa Lamu, na katika malumbano ya mashairi huwezi kumjibu mtu usiyemsikia. Sharti ulichukue neno lake, uligeuze, umrudishie likiwa na makali mapya. Nenda barazani jioni, kahawa ikiwa inazunguka, utawasikia wazee wanaifanya kazi hii hii bila kuiita drama.

Kuna tatizo moja ambalo hutaliona katika vitabu vya wageni, kwa sababu ni letu: salamu. Mpe mtoto wa Kiswahili igizo la dakika tatu, ataanza na hodi. Karibu. Salaam aleikum. Wa nyumbani hawajambo? Hawajambo. Na mama? Mama naye hajambo. Dakika ya pili inaisha, na hakuna kilichotokea ila tumejua wote wazima. Mwanzoni zipige marufuku. Igizo linaanza watu wameshasalimiana, mmoja yuko katikati ya kazi. Wataona uchungu, maana wamelelewa hivyo, lakini waambie ni kwa mwezi mmoja tu.

Mwezi ukiisha zirudishe, na safari hii salamu zenyewe ndizo ziwe igizo. Johnstone aligundua pale Royal Court kwamba mazungumzo yaliyopooza ya waigizaji wake yalipata uhai pale alipowaambia kila mmoja ajiweke juu kidogo, au chini kidogo, ya mwenzake. Si juu sana, kidogo tu. Sisi ngazi hizo tunazo mdomoni tayari. Nani anaanza kuamkia? Nani anaitikia huku akiangalia pembeni? Nani anajibu "marahaba" kabla shikamoo haijatoka yote? Kata vipande vya karatasi, andika namba 1 hadi 10, 10 ndiyo ya juu kabisa, kila mtu achukue kimoja kwa siri. Mpe mmoja awe fundi cherehani, mwingine mteja, usiku wa kuamkia Idd. Wasalimiane tu, basi. Mara ya kwanza mteja awe 9 na fundi 3: utaona fundi anasimama, anafuta kiti, anasema kanzu imebaki vifungo tu. Kisha wabadilishe. "Salaam aleikum." "Mm." Anajibu "mm" kwa sababu ana pini mdomoni, na kwa sababu anajua kesho ni Idd na wewe huna nguo. Mvulana aliyenichezea fundi huyo hakuinua kichwa hata mara moja, na mteja alijikuta anazungumza kwa sauti ya chini kama yuko msikitini. Baadaye aliapa hakukusudia.

Wakishazoea, namba wazibandike kwenye paji la uso, kila mtu asiione ya kwake. Wanazunguka darasani wanatendeana kwa kadiri ya namba wanazoziona, kisha wanajipanga foleni kwa kukisia. Huwa wanakaribia mno. Zamani nilitumia karata halisi kwa mchezo huu. Katika shule moja mwalimu mkuu alifungua mlango akakuta watoto thelathini wamebandika karata usoni, na maelezo yangu yalichukua robo saa. Tumia karatasi.

Sasa wavulana wako watatu. Usiwafukuze, wana nguvu unayoihitaji. Wape namba 1 na 2 kwa wiki mbili mfululizo. Mtu mwenye namba 1 hawezi kulimeza jukwaa. Halafu kwa muhula mzima marufuku bastola, mlevi, mwendawazimu na mganga. Si kwa ajili ya maadili. Ni kwamba hao wanne wanakuja wamekwisha kupikwa: sauti tunaijua, mwendo tunaujua, mwigizaji hana la kumsikiliza mwenzake. Ukiwanyima hao, watalalamika siku mbili, siku ya tatu atatokea konda wa matatu aliyekosea chenji na anayejua amekosea, na utacheka zaidi.

Mchezo mwingine unaowafaa ni hadithi ya kupokezana. Waingereza huusimulia neno moja kwa kila mtu. Kwa Kiswahili haufai: mtoto akisema "walimnyang'anya" amemaliza sentensi nzima, na jirani yake amebaki hana la kufanya. Sisi tunakwenda sentensi kwa sentensi, tunafungua kwa paukwa na pakawa, na anayerefusha anakatwa kwa kofi moja la pamoja.

Lugha waachie. Kimvita, Kigiriama, Sheng, iwe vile wanavyozungumza wakitoka getini. Mtoto anayekagua sarufi yake hamsikii mwenzake. Usanifu utakuja wakati wa kuandika. Na ukimpata aliyeganda kabisa, mpe maneno yasiyo na maana yoyote: auze maembe sokoni Kongowea kwa lugha ambayo haipo duniani. Mikono itauza.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Ipo siku mtu ataleta mbele jambo la kweli la nyumbani kwao, unga wa kulevya au kipigo, na utalijua kwa jinsi darasa litakavyonyamaza. Usilichimbe mbele ya watu. Badilisha igizo bila kishindo, na zungumza naye baadaye, au na mwalimu wa ushauri. Kanuni niliyoiweka tangu siku ya kwanza ni kwamba hakuna kumwigiza mtu wa shuleni wala wa mtaani anayejulikana.

Kwa mwalimu mkuu, usimpe nadharia. Mpe skripti. Chukua tukio moja, waigizaji tofauti walicheze mara tatu papo kwa papo, wewe rekodi kwa simu, kisha wawili wenye mwandiko waandike kilicho bora katika zote. Watoto wanaokwenda Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu na maneno waliyoyapata wenyewe hawayasemi kama wanaokula kiapo. Na siku mambo yakiharibika watajiokoa. Katika ngazi ya kaunti mwaka mmoja fremu ya mlango wetu iliangukia jukwaani katikati ya onyesho. Msichana aliyekuwa mama wala hakutazama pembeni. "Nilimwambia baba yenu," akasema, "fundi wa bei rahisi." Akaikwepa fremu, akaendelea kupika. Mwalimu niliyeketi naye aliniuliza tunaidondosha vipi kila onyesho bila kuumiza mtu.

Alama natoa kumi. Nne ni za kupokea: je, alichokisema mwenzake kilibadilisha alichokifanya yeye? Tatu ni za mahali: kama kuna meza pale katikati, asipite ndani yake. Tatu ni za kumwachia mwenzake nafasi. Kicheko hakina alama hata moja, na hilo uwatangazie mapema. Muhula uliopita alama 9 alizipata msichana aliyesema maneno mawili tu. Walikuwa foleni ya maji, mitungi imepangwa, wenzake watatu wanabishana nani alitangulia. Yeye kila wakipaza sauti alisukuma mtungi wake mbele kwa mguu, kidogo kidogo, uso ukiwa mbali kabisa. Walipogeuka, alikuwa bombani. "Zimu langu," akasema, nadhani alikusudia "zamu", na hakurekebisha. Ile moja nilimkata kwa sababu mtungi uliokwisha jaa aliunyanyua kama mtupu.

Gawa dakika zako 40 hivi: tano za kamba, kumi za kazi ya mikono, ishirini za wawili wawili, tano za kuzungumza. Na karatasi za namba zikate usiku uliotangulia. 38 si chache.